Shida Inapobisha Hodi, Tuombeje?

Ilikuwa yapata saa nane za usiku. Mtoto wangu wa tatu, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, alikuwa na homa tangu jioni. Nilikuwa nimempa dawa, nikamkanda kwa kitambaa chenye maji, nikamlaza kifuani pangu. Mara mwili wake ukakakamaa, macho yakageuka, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Degedege! Baba yake alikuwa safarini. Ningependa kuwaambia, wapenzi wasomaji, kwamba nilipiga magoti nikaomba. Sivyo. Nilipiga kelele tu.

Aliyefika kwanza ni bibi jirani yetu, mama mtu mzima tunayesali naye. Hakuuliza mengi. Alimgeuza mtoto alale ubavu, akaweka mkono wake juu yake, akaomba. Maombi yale hayakufika hata dakika moja. Kisha akasema, "Amina. Haya mwanangu, vaa viatu twende hospitali. Mengine tutaomba njiani."

Tulikwenda kwa miguu mpaka barabara kuu, tukasimamisha lori lililobeba mkaa. Wodini mwanangu alitundikiwa dripu ya kwinini. Kitanda cha pili alikuwapo mama mwingine na mtoto wa umri uleule, ugonjwa uleule, dripu ileile. Mama yule naye alikuwa mtu wa maombi. Usiku kucha tulishikana mikono juu ya vitanda vile viwili, tukaomba kwa zamu. Yeye akichoka naanza mimi, nami nikichoka anaanza yeye.

Asubuhi ya siku ya pili mwanangu alifungua macho, akaomba uji. Mtoto wa mwenzangu alikuwa amefariki saa chache kabla. Mimi nilitoka katika mlango ule na mtoto mgongoni. Yeye alitoka na wa kwake amefunikwa kanga, mikononi mwa mjomba.

Jumapili iliyofuata niliombwa nitoe ushuhuda. Nilisimama, nikasema kwamba Mungu hujibu maombi. Watu walipiga makofi na vigelegele. Nilipoketi, swali likanichoma moyoni: yule mwenzangu angekuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, angesikia nini katika ushuhuda wangu? Kwamba mimi niliomba vizuri zaidi? Kwamba Mungu alinipenda mimi kuliko yeye?

Nimelibeba swali hilo kwa miaka mingi. Nadhani mama wengi wanalo, ila wanaona haya kuliuliza kanisani. Mwezi huu na tuliulize pamoja.

YAKOBO ALIUAWA, PETRO AKAFUNGULIWA

Tufungue Biblia zetu, Matendo ya Mitume sura ya 12. Wengi tunaikumbuka sura hii kwa ajili ya Petro. Yuko gerezani, amefungwa minyororo, amelala katikati ya askari wawili. Kanisa linamwombea kwa juhudi. Malaika anakuja, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Petro anakwenda nyumbani kwa mama mmoja, Mariamu, mamaye Yohana Marko, ambako watu wengi wamekutana wakiomba. Msichana Roda anapokimbia kuwaambia kwamba Petro yuko mlangoni, wanamwambia ana wazimu! Walikuwa wakiomba afunguliwe, na alipofunguliwa hawakuamini. Hivyo ndivyo tulivyo.

Lakini hebu rudi nyuma kidogo, usome mstari wa pili. Katika sura hiyohiyo Herode alimwua kwa upanga Yakobo, nduguye Yohana. Mstari mmoja tu, habari yake ikaisha. Je, kanisa halikumwombea Yakobo? Je, mama yake hakumlilia Mungu? Yakobo alikuwa mmoja wa wale watatu waliopanda mlimani pamoja na Bwana Yesu. Hakuna mahali Biblia inaposema kwamba alikufa kwa sababu imani ya waombaji ilikuwa haba. Biblia haitoi sababu. Inaziweka habari hizo mbili pamoja, ya msiba na ya furaha, na inatuonyesha kanisa likiendelea kuomba.

Hilo ndilo neno la kwanza la kushika. Waliokwisha kumzika Yakobo ndio waliokusanyika kwa Mariamu kumwombea Petro. Hawakungoja kwanza waelewe ndipo waombe.

WANAWAKE WALIOOMBA MPAKA VITA VIKAISHA

Pengine utasema, "Hayo ni ya zamani za mitume." Basi nikupe habari ya siku zetu, ya wanawake kama mimi na wewe.

Liberia ni nchi ndogo ya Afrika Magharibi. Mwishoni mwa Desemba 1989 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza huko. Vilipoa baada ya uchaguzi wa 1997 uliompa urais Charles Taylor, kisha vikawaka upya mwaka 1999. Inakadiriwa kwamba katika vita hivyo watu wapatao 250,000 walikufa. Watoto wa kiume walipewa bunduki na dawa za kulevya, wakafanywa askari. Wanawake na binti zao walibakwa. Mama alikuwa akimtuma mtoto kisimani asijue kama atarudi.

Katika mji mkuu, Monrovia, kuna kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro. Julai 1990 mamia ya raia walikimbilia humo wakitafuta usalama. Usiku wa tarehe 29 askari wa serikali waliingia, wakaua watu wapatao 600, watoto wachanga wakiwamo. Nani atathubutu kusema kwamba watu wale, ndani ya nyumba ya Mungu, hawakuomba? Kanisa lenye jina la Petro lilipata yaliyompata Yakobo.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, katika kiwanja cha kanisa hilohilo, alikuwako mama kijana aitwaye Leymah Gbowee. Vita vilipoanza alikuwa na miaka 17. Alikuwa amepitia ukimbizi nchini Ghana, amepitia mikononi mwa mwanamume aliyempiga, na sasa alikuwa akilea watoto wake bila baba yao, huku akifanya kazi katika mpango wa kanisa wa kuwasaidia watu waliojeruhiwa nafsi zao na vita. Mwaka 2002 aliota ndoto. Sauti ilimwambia awakusanye wanawake wa kanisa waombee amani. Mwenyewe ameeleza kwamba alidhani ujumbe ule ni wa mtu mwingine, kwa kuwa hakujiona mwema wa kutosha. Alipowasimulia wenzake, walimwambia, tuanze kuomba.

Wakaanza, kikundi kidogo cha wanawake wa Kilutheri, wakikutana kila juma mahali palepale palipomwagika damu. Wakatuma barua kwa makanisa mengine. Siku moja, katika mkutano wao kanisani, alisimama mwanamke Mwislamu, Asatu Bah Kenneth, afisa wa polisi. Alisema atawapelekea wanawake Waislamu habari hii ili nao waungane. Baadhi ya Wakristo walisita. Wenzao wakawauliza: je, risasi huchagua kati ya Mkristo na Mwislamu?

Aprili 2003 waliacha kuomba ndani ya kuta. Walivaa nguo nyeupe, bila mapambo, wakaenda kukaa katika uwanja wa soko la samaki kando ya barabara ambayo msafara wa rais ulikuwa ukipita. Wauza samaki, wasomi, wakimbizi kutoka kambini, wote katika nyeupe. Walikaa kwenye jua. Mvua za Monrovia, mji ambao ni miongoni mwa miji mikuu inayopata mvua nyingi zaidi duniani, ziliwakuta palepale. Waliimba, walifunga, waliomba. Wengine waliwanyima waume zao unyumba, ili wanaume nao waione haja ya amani. Wakristo waliwaendea maaskofu na wachungaji wao, Waislamu wakawaendea maimamu, wakawasihi waseme na viongozi wa pande zote mbili.

Tarehe 23 Aprili 2003 Taylor alikubali kuwaona. Wanawake zaidi ya 2,000 walikusanyika nje, na Leymah akasimama mbele ya rais aliyeogopwa na nchi nzima, akamwambia kwamba wamechoka na vita. Walidai serikali na waasi wakae mezani.

Mazungumzo yalifunguliwa Accra, Ghana, tarehe 4 Juni 2003. Wanawake walichanga fedha ili baadhi yao wasafiri. Majuma yakapita. Wajumbe walilala hotelini, wakabishania vyeo, huku Monrovia mabomu yakiangukia nyumba za watu. Mwezi wa Julai wanawake walikata shauri. Waliketi mlangoni pa ukumbi, wakashikana mikono, wakasema hakuna mjumbe atakayetoka mpaka kazi ifanyike. Askari walipokuja kumkamata Leymah, alianza kuvua nguo zake. Kwa desturi za Afrika Magharibi, mama mtu mzima akijivua nguo mbele ya wanaume kwa uchungu, ni laana kubwa. Askari walirudi nyuma. Msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, alikuja kuzungumza nao kwa heshima, na mazungumzo yakabadilika.

Tarehe 11 Agosti 2003 Taylor alijiuzulu akaondoka nchini. Tarehe 18 Agosti mkataba wa amani ulitiwa sahihi. Mwaka 2005 Waliberia walimchagua Ellen Johnson Sirleaf, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa nchi katika Afrika. Mwaka 2011 Sirleaf na Leymah Gbowee, pamoja na Tawakkol Karman wa Yemen, walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mwanahistoria atakuambia kwamba yalikuwapo mambo mengine pia: waasi waliokuwa wameuzingira mji, mashtaka ya mahakama dhidi ya Taylor, majeshi ya nchi jirani yaliyokuja kulinda amani. Ni kweli, wala hatuna haja ya kuyaficha. Mungu hutumia mengi. Lakini waulize wanawake wale walianzia wapi, watakuambia: kanisani, tukiomba, tukiwa wachache.

MAOMBI YALIWAFANYIA NINI?

Tazama mambo matatu.

Kwanza, yaliwakusanya. Kila mmoja alikuwa na msiba wake nyumbani, na msiba wa peke yako hukufanya uone kwamba umelaaniwa. Walipoomba pamoja, kila mmoja alisikia uchungu wake kinywani mwa mwenzake.

Pili, yaliwaondolea hofu. Kumbuka Hana, katika 1 Samweli sura ya kwanza. Aliingia hekaluni Shilo akiwa hali chakula kwa uchungu. Aliomba moyoni, midomo ikitikisika, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Kisha alikwenda zake, akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena. Angalia vizuri: wakati ule alikuwa bado hajapata mimba. Hakuna kilichokuwa kimebadilika nyumbani kwake. Aliyebadilika ni Hana. Mzigo alikuwa ameutua kwa mwenye kuuweza.

Tatu, yaliwasimamisha. Nehemia aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomolewa, alilia, akafunga, akaomba. Baadaye alimwomba mfalme ruhusa, barua na miti ya kujengea. Adui walipomtisha, aliomba, tena akaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4:9). Bibi yule jirani yangu hakusomea theolojia, lakini alikuwa amemwelewa Nehemia. "Amina. Vaa viatu."

TUJIHADHARI NA HAYA

Wapo siku hizi wanaowaambia akina mama kwamba kumpeleka mtoto hospitali ni upungufu wa imani, au kwamba mgonjwa aache vidonge vyake kwa kuwa ameombewa. Mama, usikubali. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hata hajitambui, hana muda wa kungoja ibada ya Jumapili. Mbebe, nenda, na uombe ukiwa njiani. Mungu aliye Mganga Mkuu hamwonei wivu daktari.

Wapo pia wanaodai fedha kabla ya kukuombea. Kisima cha Mungu hakina mlinzi wa kutoza ushuru.

Na wewe dada unayepigwa nyumbani, ambaye umeambiwa kila mara "vumilia, mwombee tu mume wako," sikiliza. Mwombee, ndiyo. Lakini kumwombea mtu si kumpa ruhusa ya kukuvunja mifupa. Mwambie mama unayemwamini, mwambie mchungaji, waambie wazee wa pande zote, na kama maisha yako au ya watoto yako hatarini, ondoka mahali pale na uende polisi. Hata Petro, lango lilipofunguka, hakubaki gerezani kusubiri ufafanuzi.

SHIDA IKIJA USIKU

Haya ni machache ambayo mimi na wenzangu katika kikundi chetu tumejifunza.

Usitafute maneno mazuri. Petro alipoanza kuzama majini aliomba kwa maneno machache mno, na yalitosha. Ukishindwa kabisa kusema, kumbuka Warumi 8:26, kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kilio changu cha usiku ule, naamini sasa, kilihesabiwa kuwa maombi.

Mwambie Mungu ukweli. Soma Zaburi ya 13, au ya 88 ambayo inaisha gizani bila faraja yoyote. Kama Mungu aliruhusu malalamiko ya namna hiyo yaandikwe katika Kitabu chake, hatakukemea wewe.

Usiombe peke yako. Chagua sasa, kabla shida haijaja, wanawake wawili au watatu ambao utaweza kuwagongea mlango saa nane za usiku. Nao wajue kwamba wanaweza kugonga kwako.

Omba kwa jina la jambo lenyewe. Badala ya kusema tu, "Bwana, utubariki," sema: "Bwana, baba watoto ameachishwa kazi, kodi ya nyumba ni mwisho wa mwezi, nionyeshe nianzie wapi." Kisha kaa kimya kidogo. Mara nyingi jibu ni hatua moja tu ya kuanzia.

Mwisho, acha mlango wazi kwa jibu ambalo hukulitaka. Bwana wetu katika Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, tena si mara moja. Kikombe hakikuondolewa. Alipewa nguvu za kukinywa. Kama Mwana aliomba hivyo, binti naye anaweza kupata jibu la namna hiyo bila kuwa amekosea.

NILIPOMTAFUTA MWENZANGU

Baada ya miezi mingi nilipata ujasiri wa kumtafuta mama yule wa wodini. Niliogopa. Nilimwacha mwanangu nyumbani, nisije nikamtonesha kidonda. Nilipofika, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto yuko wapi? Mbona hukuja naye?"

Tulikaa jikoni kwake tukichambua mchicha. Aliniambia kwamba kwa karibu mwaka mzima hakuweza kuomba. Alikuwa akienda kanisani, anakaa, ananyamaza. "Nilikuwa nawasikia wenzangu wakisema Baba Yetu," alisema, "nami mdomo wangu haufunguki. Basi wakawa wananisemea. Niliendelea kukaa pale hivyohivyo, mpaka siku moja nikajikuta nasema nao."

Nilimweleza habari ya ushuhuda wangu, na jinsi nilivyoona haya. Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Dada, ushuhuda wako useme. Usiufiche kwa ajili yangu. Ila ukimaliza kusema wa kwako, useme na habari za wa kwangu."

Leo mama yule ana kazi moja aliyojipangia. Kila Alhamisi jioni huenda katika wodi ileile ya watoto, na chupa ya chai na vikombe. Hukaa na akina mama wanaokesha. Akiombwa aombe, huomba. Asipoombwa, humshikia mwenzake mtoto ili naye alale kidogo. Sijawahi kumwuliza kama amepata jibu la kwa nini. Sidhani kama amelipata. Lakini mama anayekesha katika kitanda kile leo hakeshi peke yake, na hilo nalo ni jambo ambalo mtu fulani aliliomba.

Kwa hiyo nimefanya alivyoniagiza. Nimesema habari za wangu, nimesema na habari za wa kwake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Someni Matendo 12:1-17. Kwa nini mnadhani kanisa liliendelea kuomba baada ya kifo cha Yakobo?

2. Je, katika kanisa letu, mama ambaye ombi lake halikujibiwa alivyotaka ana nafasi ya kusema? Tufanyeje ili aipate?

3. Wanawake wa Liberia waliomba, kisha wakatoka kwenda sokoni na kwa rais. Ni shida gani katika mtaa wetu ambayo tumeiombea muda mrefu, na sasa inatudai tuvae viatu?

4. Kila mmoja amtaje moyoni mwake mwenzake mmoja anayekesha mwezi huu. Nani atakwenda kumtembelea, na siku gani?